Jiko la Matofali ya Baba

Jumapili, mwisho wa Julai. Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia.

Baridi leo haina adabu. Upepo umeanza kabla ya ibada na mpaka sasa, saa kumi jioni, unapiga mabati kana kwamba kuna mtu anayetaka kuingia. Nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu baba. Nje vumbi la barabara kuu linapita juu ya ua wangu kwenda Zambia bila kugonga muhuri.

Kwenye friji nina nyama ya mbuzi iliyochomwa jana, imejaa sufuria mbili. Niliichoma kwa ajili ya watu kumi na mmoja.

Alikuja mmoja. Naye hakula nyama.

Nimekaa na jambo hili tangu jana na nimeona niliandike, maana nikiliacha kichwani litaniharibia wiki. Wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi wenu hamnijui, kwa hiyo nitaanzia mwanzo.

Naitwa Edina. Nina miaka arobaini na minne, nafundisha darasa la nne, sijaolewa. Katika familia yetu tuko watatu. Kaka Gideoni, mkubwa wetu, yuko Dar es Salaam. Dada Roida ameolewa Kitwe, Zambia, na sauti yake imeshageuka ya huko. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Mama alikufa zamani. Baba alipopata kiharusi hakikuitishwa kikao cha kuamua nani atamtunza. Kila mtu alirudi kwake, na mimi kwangu kulikuwa ndiko huko.

Miaka sita.

Baba alikuwa fundi mwashi. Madarasa mengi ya kata hii, likiwamo lile ninalofundishia, kuta zake alizipandisha yeye. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na ulimi. Alibaki na mkono wa kushoto, na mchana mwingine nilimkuta kitandani akiupitisha juu ya blanketi polepole, kwenda na kurudi, kama anasawazisha udongo juu ya tofali. Nilikuwa namlisha, namwogesha, namgeuza, halafu nakwenda kufundisha hesabu za sehemu, narudi kumgeuza tena.

Alikufa mwezi wa nane mwaka jana, alasiri. Nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Nilipoingia na uji alikuwa ameshakwenda, uso umeelekea ukutani.

Nitaandika hapa jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kabla sijapiga kelele, kabla sijaita jirani, nilikaa kwenye kile kigoda pembeni ya kitanda na nikapumua. Pumzi ndefu, ya kutua mzigo. Niliisikia ikitoka. Kisha ndipo nikalia kama inavyotakiwa, na hata kilio hicho kilikuwa kifupi, maana maji ya chai ya waombolezaji yalikuwa hayajabandikwa.

Sasa matofali.

Baada ya mazishi, kikao cha familia kilikubaliana kaburi lijengwe kwa matofali ya kuchoma. Fundi alale chini ya kazi ya fundi, ndivyo walivyosema, na mimi nilifurahi. Muumini mmoja akaleta lori zima kutoka kwenye tanuri huko Msangano, akayashusha uani kwetu, kwa kuwa makaburi ya kanisa ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu na uani kuna nafasi. Matofali mazuri. Mekundu, yaliyoiva mpaka ndani, ukiyagonganisha yanalia kama kengele.

Wiki mbili baadaye kaka akapiga simu kutoka Dar. Amebadili mawazo. Amepata fundi wa Mbeya, kaburi litawekwa vigae vyeupe na msalaba wa marumaru. Alivituma, fundi akaja, akajenga kwa bloku na kubandika vigae, akapiga picha, akaondoka. Kaburi la baba linang'aa hata ukiwa barabarani. Nikienda kulisafisha naona uso wangu.

Na matofali yakabaki chini ya mparachichi.

Hakuna aliyeuliza yapelekwe wapi. Mvua ya Novemba ikayanyeshea, nyasi zikaota katikati, kuku wa jirani akatagia humo. Kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki nayaona. Mwaka ukapita karibu wote hivyo, mimi na matofali, tukitazamana.

Likizo ya Juni ilipofika nikaamua kujenga jiko la kuchomea nyama.

Wazo hili lina historia ya aibu kidogo. Wakati baba anaumwa, nyumba hii ilikuwa na watu. Wanajumuiya walikuja kila Alhamisi kusali naye. Walimu wenzangu walipita wakitoka shuleni. Mchungaji alikuja, wajomba walikuja, hata watu nisiowajua walikuja kumwona fundi. Msibani ndiyo usiseme, watu walilala mpaka jikoni. Halafu turubai likafunguliwa, viti vikarudishwa kanisani, na mlango wangu ukanyamaza. Si kwamba watu ni wabaya. Walikuwa wanakuja kwa mgonjwa, na mgonjwa hayupo.

Kwetu mtu hawezi kuita watu hivi hivi tu. Lazima kuwe na neno: msiba, harusi, kipaimara, mtoto amefaulu. Mimi sina mchumba wa kuniletea barua ya posa, sina mtoto wa kubarikiwa. Nikapiga hesabu zangu nikaona kwamba nikiwa na jiko zuri la matofali uani, la kudumu, nitakuwa na neno. Nitasema, njooni tulizindue jiko. Kisha, njooni, jiko lipo.

Nilitaka sababu ya kumwambia mtu "njoo."

Sikuita fundi. Nilipokuwa mdogo baba aliwafundisha kazi kaka na vijana wengine, mimi nilikuwa wa kubeba maji na kuwapokeza matofali. Lakini mpokezaji naye ana macho. Nilitoa mwiko wake, timazi yake ya kupimia wima wa ukuta na pima maji chini ya kitanda, nikaviosha. Nikaweka msingi mdogo wa zege, hatua mbili kwa hatua moja na nusu. Matofali nikayaloweka kwenye pipa usiku kucha, maana tofali kavu hunyonya maji ya udongo na ukuta haushiki. Kwenye kuta sikutumia saruji. Baba alikuwa akisema saruji haipendi moto, hupasuka. Nilichota udongo wa kichuguu nyuma ya shule, nikauchekecha, nikauchanganya na mchanga, nikaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali wa mgonjwa.

Mstari wa kwanza ulinichukua siku nzima. Wa pili nusu siku. Nilipofika wa nne nikaweka timazi nikakuta ukuta wa kushoto umelala kuelekea kwa jirani, kama mtu anayesikiliza umbeya. Nikabomoa mistari yote mitatu ya juu, nikaanza upya. Vidole vilichubuka. Mgongo uliniuma mahali ambapo haukuwahi kuuma hata katika miaka ya kumgeuza baba. Lakini nasema kweli, zile wiki tatu nililala vizuri kuliko mwaka wote. Nilikuwa nasikia njaa. Nilikuwa naamka na mpango.

Umbo lake ni la kawaida: kuta tatu, mbele wazi, urefu wa kufika kiunoni. Ndani niliacha matofali manne yametokeza kidogo kushikilia sahani ya mkaa, na juu yake mengine manne kwa ajili ya wavu. Sahani na wavu alinitengenezea fundi wa kuchomelea pale Majengo kwa pipa kuukuu na vipande vya nondo. Kulia nikaongeza kaukuta ka kuwekea mabakuli. Hako kamepinda. Nimekaacha.

Siku namalizia mstari wa mwisho ndiyo siku Mama Zawadi aliposimama kwenye uzio. Mama Zawadi ni jirani yangu wa upande wa mashariki. Mumewe ni dereva wa lori la kwenda Kongo, kwa hiyo mara nyingi naye yuko peke yake na watoto. Ana sauti ambayo ikisema siri, foleni yote ya malori inasikia. Alikuwa amenitazama tangu mwanzo, akinisifia, akisema mwalimu kumbe una mikono ya kiume. Siku hiyo aliangalia jiko, akaangalia chini ya mparachichi, ambako rundo lilikuwa limepungua, akarudi kuangalia jiko.

"Mwalimu," akasema, "hayo si yale ya kaburi la baba?"

Nikamwambia ndiyo.

Aliingia ndani kwake. Na Mama Zawadi akinyamaza, ujue neno limekwenda kutafuta njia.

Jioni ile ile nikapiga picha ya jiko nikaiweka kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Nikaandika: "Jiko langu. Nimejenga mwenyewe." Dada Roida akaweka kidole gumba. Kaka hakuweka kitu. Baada ya robo saa simu ikaita.

"Edina, hayo matofali umeyatoa wapi?"

"Uani."

"Uani wapi? Yale ya mzee?"

"Yale yale."

"Unachoma nyama juu ya kaburi la baba?"

Nikamwambia kaburi la baba liko makaburini, lina vigae vyake. Akasema nisijifanye sielewi. Kitu kikishatengwa kwa ajili ya marehemu hakirudi kuwa cha walio hai, hata mtoto anajua, watu watasema watoto wa fundi wamekula kaburi la baba yao. Alisema mengi. Sauti yake ilikuwa juu, nikasikia hata mkewe akimwambia apunguze. Nami nikasema maneno ambayo sikujua kama nimeyaweka akiba.

Nilisema: "Kaka, matofali mliniachia kama mlivyoniachia mgonjwa. Hamkuuliza nitayafanya nini. Mwaka mzima hamkuuliza."

Akasema, "Bomoa. Libomoe kabla sijaja kulibomoa mimi." Akakata.

Nilitazama simu. Tulikuwa tumezungumza dakika kumi na tisa. Tangu msiba, simu za kaka hazikuwahi kupita dakika tatu: hujambo, kaburi linasafishwa, haya usiku mwema.

Dakika kumi na tisa.

Sasa nisidanganye nafsi yangu kwenye blogu yangu mwenyewe. Matofali ya kuchoma si kitu cha shida hapa. Ningeweza kuagiza mengine, yangefika kesho yake, na jiko lingekuwa jiko tu. Picha ile ningeweza kuipiga kutokea upande wa pili, ambako rundo halionekani. Niliipiga kutokea upande ambao linaonekana. Nilijua. Sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imechoka kuwa mtu ambaye hata hagombezwi.

Asubuhi iliyofuata nilichukua nyundo. Nilikuwa nimeamua kutii. Kaka ni mkubwa, na hata mimi mwenyewe usiku ule nilikuwa nimejiuliza kama sijafanya mwiko wa kweli. Nikagonga kona ya juu mara moja. Udongo ulikuwa bado haujakauka vizuri, tofali likang'oka zima likaniangukia mkononi, zito, baridi, lina umande. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi, nimelipakata, nikalia. Si kile kilio cha msibani cha kusikilizia kama maji yamechemka. Nililia mpaka kanga ikalowa kifuani. Nilimlilia baba, nikalilia ile pumzi, nikajililia na mimi.

Nilipomaliza nikachanganya udongo kidogo kwenye beseni, nikalirudisha tofali mahali pake.

Nikatuma mialiko. Jumamosi saa tisa alasiri, kuzindua jiko, karibuni nyote. Walimu watano, wanajumuiya watano, na Mama Zawadi. Watu wengi walijibu kwa furaha. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi, pale shuleni, mazungumzo yalikuwa yakikatika nikiingia ofisini. Mwalimu mmoja ninayekaa naye meza moja aliniuliza, kwa upole, kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Akasema, "Mh," akaendelea kupiga mistari daftarini.

Hata hivyo nilijiandaa. Ijumaa nililoweka nyama na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Jumamosi asubuhi nikaazima viti kumi na viwili kanisani, nikavipanga nusu duara, nikavifuta vumbi, vumbi likarudi, nikavifuta tena. Saa nane na nusu nikawasha mkaa. Jiko lilivuta vizuri sana. Moshi ulipanda ukanyooka, haukurudi usoni hata kidogo, na kwa muda mfupi nilijisikia fahari mpaka nikatabasamu peke yangu.

Saa tisa. Saa tisa na nusu.

Ujumbe ukaanza kuingia. Mwalimu nimepata dharura. Dada mtoto ameamka na homa. Tumepata wageni kutoka Vwawa. Wengine hawakuandika kitu, na hao niliwaheshimu zaidi. Saa kumi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko nageuza nyama za watu kumi na mmoja, upande huu, upande ule, kwa makini, kana kwamba wamo chumbani wananawa mikono. Viti vilikuwa vinatikisika kwa upepo. Kimoja kilianguka chali. Nilikwenda nikakiinua.

Nilifikiria kuzima moto. Lakini kuuzima ingekuwa kukiri, basi nikaendelea kugeuza.

Saa kumi na dakika kadhaa nikasikia hodi. Mama Zawadi alikuwa getini, amejifunga shuka la baridi, mkono mmoja ameshika kiti cha mbao, mwingine mfuko wa rambo.

"Karibu," nikasema. "Viti vipo."

Akaviangalia vyote kumi na viwili. "Naona," akasema. Akaketi kwenye chake.

Tukakaa kimya. Kwa Mama Zawadi hiyo ni kazi ngumu, nilimwona akihangaika nayo. Mwishowe akasema, "Mwalimu, nisikufiche. Nyama sitakula. Nimejaribu kujisemesha tangu asubuhi, koo limekataa."

"Sawa, Mama Zawadi. Sikulazimishi."

"Lakini nimekuja na viazi." Akafungua mfuko, viazi mviringo sita, bado vina udongo wa shamba. "Hivi vifukie hapo kwenye majivu. Kiazi sina neno nacho."

Nikacheka. Sikupanga. Nilicheka mpaka nikashika kaukuta kale kapinda, naye akacheka akijifunika mdomo kwa shuka. Tukavifukia.

Tulipokuwa tunasubiri akasema bila kunitazama, "Ni mimi niliyesema. Pale bombani. Watu wawili tu."

"Najua."

"Sikusema kwa ubaya. Nilisema nilichoona, likatembea lenyewe."

Nikamwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema wakati baba yuko hai, chumba cha baba kilikuwa kinatazamana na chumba anacholala yeye, ukuta kwa ukuta. Mumewe akiwa safarini na usingizi ukikataa, alikuwa anamsikia baba anakohoa, kisha anasikia ndara zangu zikienda kumgeuza. "Nilikuwa najua jirani yangu yuko macho," alisema. "Nikawa nalala. Sasa upande ule hakuna kitu. Mwaka mzima silali vizuri, nawasha redio."

Mwaka mzima. Uzio wa michongoma katikati yetu, unafika kifuani tu.

Viazi vikaiva. Tulivimenya vikiwa vya moto tukavila na chumvi na pilipili, kwa mikono. Mimi nilikula nyama kidogo, naye alinitazama nikila, akaniuliza kama ni tamu. Nikamwambia imekosa chumvi. Akasema harufu haisemi hivyo. Alikaa mpaka jua lilipoanza kuegemea upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndipo akaondoka kwenda kuwapikia watoto. Kiti chake akakibeba.

Leo kanisani watu walinisalimia vizuri tu. Hilo ndilo linalochosha, kwamba hakuna adui wa kumkasirikia. Nimerudisha viti kumi na viwili stoo ya kanisa, kimoja kimoja, kwa baiskeli ya mlinzi. Nilikuwa nimeketi kuandika haya, nimefika pale penye nyundo, kaka alipopiga. Nimeacha kuandika, nikapokea nikiwa tayari kwa vita. Sasa nimerudi mezani, nayaandika kabla hayajapoa.

Hakugomba. Aliuliza, "Watu walikuja?"

"Alikuja mmoja."

"Nani?"

"Mama Zawadi."

"Yule wa spika?" Akaguna, nusu ya kicheko. Kisha akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, haloo, haloo.

"Nipo," akasema. "Edina, unajua kwa nini nilibadilisha yale matofali?"

Nikasema uliona vigae ni vizuri zaidi.

"Niliona aibu. Miaka sita nilikuja mara mbili. Watu wa kanisa waliniona siku ya mazishi kama wanamwona mgeni rasmi. Nikasema nitaweka kitu ambacho kila anayepita barabarani atasema mtoto wake mkubwa kafanya."

Nikamwambia juu ya ile pumzi. Sijui ilitoka wapi. Nilimwambia yote: madaftari, uji, kigoda, na jinsi nilivyopumua kabla ya kulia.

Kaka akasema, polepole, "Simu yako ya msiba ilipoingia, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba sasa hutaniomba tena nije." Nikasikia anapenga kamasi. "La kwanza kabisa, Edina. Kabla ya baba."

Nikajifuta macho kwa mkono wa sweta, vocha yake inakwisha.

Mwishowe akasema jiko lile bado halipendi na asingependa kunidanganya. Hawezi kujiona akila nyama pale. Nikamwambia hajaalikwa. Akacheka kweli safari hii, kicheko chake cha zamani, cha mtoto wa fundi aliyefukuzwa na mwiko. Hakusema nibomoe. Hakusema nisibomoe. Aliuliza kama bado tunalima kile kipande cha viazi kule mtoni. Akauliza ninakula nini siku za wiki. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninakula nini. Nilimwambia mayai. Akasema, "Kila siku?" Nikasema karibu kila siku.

Akaahidi kupiga Jumatano. Sijui kama atapiga. Simlaumu kabla.

Sasa nyumba imenyamaza tena. Upepo umeshuka kidogo, nasikia breki za malori na jogoo mmoja aliyechanganyikiwa saa. Simu ile haijaniponya, nikisema imeniponya nitakuwa naandika hadithi. Upweke bado umekaa hapa sebuleni na miguu yake mirefu. Ila kuna kitu kimoja nimekiona leo ambacho juzi sikukiona. Mwaka wote huu nimekuwa nikitafuta neno la kuwaitia watu, nikachimba msingi, nikakanyaga udongo, nikapandisha kuta tatu, kumbe neno nilikuwa nalo tangu siku turubai lilipofunguliwa. Nililionea haya tu.

Jumamosi ijayo nitawasha moto tena. Sitatuma ujumbe. Nitakwenda mlango kwa mlango, kwa yule mwalimu wa meza yangu, kwa wanajumuiya, kwa Mama Zawadi kwanza. Nitawaambia matofali ni yale yale, anayeweza ale nyama, asiyeweza alete viazi. Halafu nitasema na lile lingine, kwa mdomo wangu: njooni, niko peke yangu.

Nimelijaribu sasa hivi, hapa mezani, kwa sauti. Limetoka dogo, nusu likabaki kooni.

Kesho asubuhi, nikiwa njiani kwenda shule, nitalijaribu tena.